Maswali Baada ya Saa za Darasa: Historia ya Vijana, Sayansi na Kiswahili, kutoka Magamba hadi Kamina

1.0 Utangulizi

Historia ya mafunzo ya sayansi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati imezoeleka kuandikwa kama historia ya shule: sera, mihtasari ya masomo, mitihani na majengo ya maabara. Historia ya namna hiyo ina manufaa yake, lakini inaacha nje sehemu kubwa ya siku ya kijana. Saa anazokaa darasani ni chache. Zilizobaki huzitumia nyumbani, sokoni, shambani, barabarani na miongoni mwa wenzake. Katika saa hizo hukutana na moto, maji, vyuma, mimea, magonjwa na umeme, na humjia maswali ambayo mara nyingi hayapati nafasi katika kipindi cha dakika arobaini.

Makala haya yanazichunguza saa hizo kwa upande wa historia na wa lugha. Uchunguzi unaanzia katika mji wa Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kuwa mji huo unalidhihirisha tatizo lenyewe: vijana wengi huzungumza Kiluba nyumbani na Kiswahili mjini, kisha hufundishwa sayansi kwa Kifaransa. Kutoka hapo makala yanavuka Ziwa Tanganyika kwenda kuutazama mfano unaojulikana kuliko yote wa sayansi iliyozaliwa nje ya kipindi, yaani ule wa Magamba nchini Tanzania mwaka 1963, pamoja na vilabu na mashindano yaliyofuata Kenya na Tanzania. Mwishoni yanarejea Kamina kuuliza historia hiyo ina funzo gani kwa mji huo.

Hoja inayotetewa ni kwamba mafunzo ya nje ya darasa yalizaa matunda pale ambapo swali la kijana lilipokelewa na kupimwa, wala si pale ambapo saa za ziada ziligeuzwa kuwa darasa jingine. Aidha, kupokelewa kwa swali hutegemea sana lugha inayotumika kuliuliza, jambo ambalo wapangaji wa elimu hawajalipa uzito unaostahili.

2.0 Kamina: Mji wa Reli, Lugha Tatu na Nusu Siku

Kamina ni mji uliokuzwa na reli. Njia ya kampuni ya B.C.K. iliyotoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo huitwa Ilebo, ilikamilika mwaka 1928. Kwa njia hiyo shaba ya Katanga iliweza kufikishwa katika mto Kasai na kuendelea hadi pwani ya Atlantiki bila kutoka katika himaya ya Wabelgiji. Mwaka 1956 Kamina iliunganishwa pia na Kabalo, na kwa hiyo na Albertville, yaani Kalemie ya leo, iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Tangu hapo mji huo umekuwa njia panda: upande mmoja Lubumbashi na migodi, upande wa pili Kasai, na upande wa tatu ziwa ambalo ng'ambo yake iko Kigoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wabelgiji walijenga karibu na mji huo kambi kubwa ya kijeshi yenye uwanja wa ndege.

Reli haikuleta vyuma na abiria peke yao. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha kwamba kuenea kwa Kiswahili katika Katanga hakuwezi kuelezwa kwa misafara ya wafanyabiashara wa karne ya 19 tu. Serikali ya kikoloni, misheni na makampuni vilihitaji lugha moja ya kuwaongoza wafanyakazi waliotoka sehemu mbalimbali, na Kiswahili kikachukua nafasi hiyo. Wafanyakazi wenyewe nao wakakifanya kuwa chao. Kiswahili cha Katanga kikawa na sura yake, ambapo pwani husema watoto, wao husema batoto, na neno masomo likawa jina la shule yenyewe. Kamina imo ndani ya nchi ya Waluba, kwa hiyo Kiswahili hakikukiondoa Kiluba bali kilikaa pamoja nacho, kila lugha ikiwa na mahali pake.

Elimu rasmi ilifuata njia nyingine. Wakati wa ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa misheni kwa kiasi kikubwa. Masomo ya msingi yalitolewa mara nyingi kwa lugha za Kiafrika, lakini yalikusudiwa kuishia karibu: kusoma, kuhesabu, usafi, kilimo na ufundi. Milango ya elimu ya juu ilichelewa kufunguliwa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza mwaka 1954 na kile cha Elisabethville mwaka 1956, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1960 idadi ya Wakongo waliokuwa na shahada za vyuo vikuu haikufika 30. Ni dhahiri kwamba lugha ya Kiafrika katika mfumo huo ilihusishwa na elimu iliyopunguzwa. Kwa sababu hiyo, programu ya mwaka 1962 ilipokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, wazazi wengi waliweza kuiona hatua hiyo kama haki iliyocheleweshwa.

Mjadala haukufungwa hapo. Semina ya kitaifa ya wanaisimu iliyofanyika Lubumbashi mwaka 1974 ilipendekeza lugha za taifa zipewe nafasi katika elimu, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na za mazingira kama chombo cha kufundishia na kama somo. Hata hivyo, katika sekondari, hata katika mkondo wa sayansi, Kifaransa ndicho kinachotawala.

Jambo la pili linalohusu mada hii ni saa. Katika miji mingi ya Kongo jengo moja la shule hutumiwa na makundi mawili ya wanafunzi, moja asubuhi na jingine mchana. Utaratibu huo hutokana na uhaba wa majengo, na humwachia kijana nusu siku ambayo haina mwalimu. Kwa hiyo swali la mafunzo baada ya saa za darasa si la anasa. Ni swali la namna ya kuitumia nusu nzima ya siku.

3.0 Magamba na Mkwawa: Swali Lililokataliwa Mara Mbili

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, katika milima ya Usambara. Wanafunzi wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa haba, na aliyechelewa aliikosa. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akiyaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha ili asipoteze nafasi. Naye, akihofia kukosa, akayaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu aliyakuta ya kwake yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Akakubali. Lakini baadaye alipata habari kutoka kwa rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu katika mji wa Tanga. Rafiki huyo alizoea kuweka mchanganyiko wa moto ili ugande upesi, na wauzaji wengine walifanya vivyo hivyo. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kabla swali halijafika katika chuo kikuu chochote, lilikuwa tayari ni maarifa ya kazi miongoni mwa wauza aiskrimu wa Tanga. Hakuna sababu ya kudhani kwamba maarifa hayo yaliambukizwa kwa lugha nyingine isipokuwa Kiswahili.

Mpemba alipoendelea na masomo ya juu ya sekondari Mkwawa, Iringa, alikutana na somo la kupoa kwa vitu na kanuni ya Newton. Akauliza tena. Mwalimu alimjibu kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila alipokosea, hata katika hisabati, wenzake walimtania kwa maneno ya namna hiyo. Hata hivyo, alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi. Alichukua vyombo viwili vidogo vya kioo, akatia katika kimoja maji ya bomba na katika kingine maji ya moto, kila kimoja sentimita za ujazo 50, akaviweka katika sehemu ya kugandishia ya jokofu. Matokeo hayakuwa ya kukata shauri, lakini yalimpa moyo wa kuendelea.

Nafasi ya tatu ilikuja pale Dr. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo. Mpemba alisimama mbele ya wenzake na kumwuliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, chenye maji ya nyuzi 35 na chenye maji ya nyuzi 100, ukavitia katika friza, kile cha maji ya moto huganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi walicheka. Osborne hakuamini, lakini hakukataa. Aliuliza kama kweli Mpemba amefanya jaribio hilo, akaahidi kulijaribu mwenyewe. Huko Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, ambaye alileta habari kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, na akaongeza kwamba angerudia jaribio hilo mpaka apate jibu lililo sahihi. Majaribio zaidi yakafuata.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori, Mweka. Osborne alitumia nafasi hiyo kutahadharisha juu ya hatari ya fizikia inayofundishwa kwa amri, ambayo hukataa jambo kwa kuwa tu halikuandikwa. Mwaka huohuo mwanafizikia wa Kanada, G. S. Kell, naye aliandika kuhusu jambo hilohilo bila ya kuhusiana nao. Ikakumbukwa pia kwamba Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikuwa wameligusa karne nyingi kabla.

Haifai kuimaliza habari hii kwa shangwe tupu. Wanasayansi hawajakubaliana kuhusu sababu, na wengine wanatilia shaka tukio lenyewe. Uchunguzi uliochapishwa na Burridge na Linden mwaka 2016 uliona kwamba tofauti ndogo tu katika mahali pa kuweka kipimajoto huweza kubadili matokeo. Shaka hiyo haimpunguzii Mpemba heshima yake, bali inaikamilisha. Swali lililopuuzwa mara mbili katika darasa limeendelea kufanyiwa kazi na wataalamu kwa zaidi ya miaka hamsini, na thamani yake haikutegemea kuwa na jibu moja. Ilitegemea kwamba mtu mmoja mwenye vifaa alikubali kulipima.

Kwa muhtasari, mambo matatu yalikutana. Kwanza, kulikuwa na kifaa ambacho vijana waliruhusiwa kukitumia nje ya kipindi kwa shughuli yao wenyewe. Pili, kulikuwa na jamii ya watu wa kazi ambao kijana aliweza kuzungumza nao juu ya alichokiona. Tatu, alitokea mtu mzima aliyelijaribu swali badala ya kulihukumu. Kifaa na wauza aiskrimu havikutoka darasani, na jambo la tatu lilichelewa sana kufika huko.

4.0 Vilabu, Mashindano na Tuisheni

Katika miaka ya 1960 palizaliwa pia juhudi zilizopangwa. Nchini Kenya kongamano la sayansi la shule za sekondari lilianza katika muongo huo, likawapa wanafunzi nafasi ya kuonyesha vifaa walivyovibuni na kueleza utafiti wao mbele ya waamuzi, kuanzia ngazi ya shule hadi ya taifa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha vilabu vya wanyamapori, ambavyo vilienea katika shule nyingi na kuigwa katika nchi za jirani. Tanzania nayo ilipata vilabu vya Malihai katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 Jane Goodall alianzisha pamoja na wanafunzi wa Dar es Salaam mpango wa Roots & Shoots. Mwaka 2012 yalifanyika Dar es Salaam maonyesho ya kwanza ya Young Scientists Tanzania, yaliyofuata mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyokuwapo tangu mwaka 1965.

Juhudi hizi zina sifa moja kubwa: kazi huanzia kwa mwanafunzi. Kijana wa klabu ya wanyamapori hujifunza kwa kutazama, kuhesabu na kuandika alichokiona. Kijana wa maonyesho hulazimika kuchagua tatizo la mahali pake na kulitetea mbele ya watu asiowajua. Hata hivyo zina upungufu wake. Mashindano hupenda jibu lililokamilika, na swali kama la Mpemba, ambalo halikuwa na jibu, lingeweza kushindwa katika duru ya kwanza. Tena lugha ya maonyesho haya kwa kawaida ni Kiingereza, hivyo kijana mwenye uchunguzi mzuri na Kiingereza hafifu hupimwa kwa udhaifu wake kabla ya nguvu yake.

Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kilikwisha kuthibitisha uwezo wake katika uwanja huu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza kueleza namna malaria, kichocho na kuhara vinavyoenezwa na kuzuiwa. Walioshiriki walikuwa takriban watu milioni 2. Kampeni hiyo ililenga watu wazima, lakini ilionyesha mambo mawili yanayohusu vijana vilevile. La kwanza ni kwamba mzunguko wa maisha ya kimelea unaweza kuelezwa kijijini bila kupunguzwa. La pili ni kwamba kikundi kinachozungumza baada ya kusikiliza hutoka na azimio la kutenda, kama vile kuchimba choo, ambalo msikilizaji wa pekee huenda asilifikie.

Kinyume cha klabu ni tuisheni. Katika Tanzania na Kenya saa za alasiri na siku za likizo zimemezwa kwa miaka mingi na masomo ya kulipiwa, ambamo maswali ya mitihani iliyopita hurudiwa hadi yakaririwe. Si haki kuwalaumu wazazi, kwani mtihani ndio mlango. Lakini kihistoria adui wa sayansi ya baada ya darasa hakuwa uvivu wa vijana, bali ni darasa lenyewe lililorefushwa. Kongo nayo ina mtihani wake wa taifa wa kumaliza sekondari, uliowekwa tangu mwaka 1967. Mpango wowote wa saa za ziada unaoanzishwa chini ya kivuli cha mtihani huo unaweza kuvutwa upande huohuo.

5.0 Lugha ya Swali na Lugha ya Jibu

Swali la Mpemba linaweza kusemwa kwa maneno yasiyozidi kumi: maji ya moto na maji ya baridi, yapi huganda upesi? Mtoto wa Tanga na mtoto wa Kamina wote wataelewa, na kila mmoja atakuwa na la kusema. Lakini ili swali hilo lipimwe halina budi kusemwa upya: kati ya ujazo ulio sawa wa maji yenye halijoto tofauti, yaliyowekwa katika vyombo na mazingira yaleyale, ni upi utakaofikia kuganda kwanza, na kuganda maana yake ni nini, kutokea kwa barafu ya kwanza au kukauka kwa maji yote? Safari kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili ndiyo elimu ya sayansi. Safari hiyo ikifanywa ndani ya lugha moja, kijana huona kila hatua. Akilazimishwa kubadili lugha katikati ya safari, huiona kama kuhama kutoka akili yake kwenda katika kitabu.

Mfano mzuri ni neno joto. Katika mazungumzo neno hilo hubeba maana mbili, yaani nishati inayohama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na kiasi kinachosomwa katika kipimajoto. Istilahi halijoto imebeba maana ya pili ili joto libaki na ya kwanza. Vivyo hivyo nguvu ya mazungumzo hugawanywa kuwa kani, nishati na nguvu yenyewe, na uzito hutenganishwa na tungamo. Mgawanyo huu si pambo la kamusi. Mwanafunzi anayejua kwamba halijoto si joto amekwisha kuelewa kwa nini birika dogo linalochemka lina halijoto kubwa kuliko ziwa, ingawa ziwa lina joto jingi zaidi.

Kazi kubwa ya kuunda na kusanifisha istilahi imefanyika Tanzania, hasa na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyochapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tume ya Makweta, mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Kwa hiyo istilahi nyingi zilibaki zikisubiri darasa ambalo halikufunguliwa. Yumkini mahali pake pa kwanza pangekuwa klabu ya alasiri, ambako hakuna mtihani wa kuzizuia.

Kwa Kamina kuna kikwazo cha ziada. Kamusi ya mwaka 1990 ilimlenga msomaji anayetoka katika Kiingereza. Kwa upande wa Kifaransa zipo kamusi za jumla zenye heshima: ile ya Charles Sacleux ya mwaka 1939, ambaye pia alikuwa mkusanyaji wa mimea, na ile ya Alphonse Lenselaer ya mwaka 1983. Hizo hazikutungwa kwa ajili ya maabara. Hivyo basi, mwalimu wa Kamina anayetaka kueleza kani au tungamo kwa Kiswahili hulazimika kupita katika lugha mbili za kigeni kabla ya kufika kwa mwanafunzi anayezungumza naye kila siku. Kinachohitajika si kamusi kubwa kwa kuanzia. Orodha ya maneno mia chache ya shule, kwa Kifaransa na Kiswahili, iliyojaribiwa na walimu wa Katanga na kukubali umbo la Kiswahili chao, ingetosha kuanzisha klabu. Nayo ni kazi ambayo idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya pande zote mbili za ziwa zinaweza kuifanya pamoja.

6.0 Vifaa Vilivyoko Kamina

Mara nyingi husemwa kwamba sayansi ya nje ya darasa haiwezekani pasipo maabara. Historia ya Magamba inaonyesha vingine, na mazingira ya Kamina yanaunga mkono. Mji huo uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, maji ya Kamina huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi, si 100 kama kitabu kinavyosema. Birika, jiko la makaa na kipimajoto kimoja vinatosha kumwonyesha kijana kwamba kitabu kinasema kweli kwa sharti fulani, na kwamba yeye anaweza kuligundua sharti hilo. Hakuna somo la fizikia lenye thamani zaidi ya hilo, na gharama yake ni ndogo.

Reli nayo ni kitabu kilicho wazi. Umeme wa njia kutoka Lubumbashi uliishia Kamina, na kutoka hapo kuelekea Kasai mabehewa yalivutwa kwa injini za dizeli. Kwa nini behewa lililopakiwa huchelewa kuanza na huchelewa kusimama? Kwa nini huachwa nafasi kati ya vyuma vya reli? Watu wanaoweza kujibu, mafundi na madereva wa zamani, wamo mjini, na lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Hao ndio wanaolingana na wauza aiskrimu wa Tanga. Klabu ikiwaalika itapata walimu ambao hawakuhesabiwa.

Mashariki ya mji, katika bonde la Upemba, kuna ushahidi wa zamani zaidi. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, uchimbaji wa mwaka 1957 na 1958, na ule wa Pierre de Maret mwaka 1974, ulifukua makaburi ya watu waliofua chuma na shaba kwa ustadi mkubwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika mila za Waluba nyundo na fuawe vilihusishwa na utawala wenyewe. Mtu anayeyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti hutumia kaboni kuiondoa oksijeni iliyoshikamana na chuma, na hilo ndilo tendo analosomeshwa mwanafunzi wa kemia kwa herufi na namba za kukariri. Kijana wa Haut-Lomami anayelijua hilo haingii katika kemia kama mgeni.

Tahadhari moja ni ya lazima. Urithi huu usitumiwe kudai kwamba wahenga walijua yote, kwani dai hilo hulifunga swali sawa na mwalimu anayesema haiwezekani. Uhunzi wa Kisale utazamwe kama kazi ya kupimwa: moto ulihitaji hewa kiasi gani, makaa ya mti gani yalifaa, na kwa nini.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sayansi ya baada ya saa za darasa ina historia yake katika nchi za Kiswahili, na kwamba historia hiyo si ya vifaa peke yake. Magamba ilikuwa na friza moja isiyotosha. Kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa sikio. Vilabu na maonyesho ya Kenya na Tanzania vimepanua nafasi ya vijana, lakini vimeibakiza lugha ya mitihani, huku tuisheni ikizila saa ambazo swali lingezaliwa.

Kamina ina nusu siku, ina mafundi, ina lugha ya mji ambayo watoto wanaimiliki, na ina sheria ya mwaka 2014 inayoitambua lugha hiyo. Haina bado daraja la istilahi kati ya Kifaransa cha kitabu na Kiswahili cha alasiri, na ujenzi wa daraja hilo ni wajibu wa wanaisimu kabla ya kuwa wajibu wa wanafizikia. Wasipoujenga, nusu siku hiyo itajazwa na kukariri, kama ilivyotokea kwingineko. Wakiujenga, mtoto atakayeuliza kwa nini maji ya birika lake yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100 hataambiwa kwamba amechanganyikiwa, bali atapewa kipimajoto apime tena.